Chagueni chumba cha kukimbilia kabla upepo haujaanza

Mvua za huku kwetu Kigoma huanza Oktoba au Novemba, zinaenda mpaka karibu na Mei, na mara nyingi zinakuja na radi na upepo wa kung'oa mabati. Ndugu zangu, leo kukiwa shwari zungukeni nyumba zenu mwamue: upepo ukivuma, watoto wanakwenda wapi?

Kwetu ni korido. Iko katikati, haina dirisha, na kuta zake zimekaribiana, hivyo zinashikana vizuri kuliko za sebule pana. Kaeni mbali na ukuta wa mwisho wa nyumba, ule unaopanda pembetatu hadi kwenye kenchi. Paa likinyanyuka, ukuta huo unabaki bila kishikizo na tofali zinaweza kuangukia ndani. Chumba kinachoelemewa na mwembe mkubwa nacho kiacheni. Nyumba ya tofali mbichi iliyolowa msingi mimi siiamini hata kidogo. Afadhali kuongea mapema na jirani mwenye nyumba ya tofali za kuchoma.

Jiko la nje la nyasi halikingi radi. Ingieni nyumba kubwa, chomoeni televisheni mapema, msiguse bomba, na msitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Koridoni nimetundika mfuko wenye tochi, filimbi na viatu vya kila mtu. Viatu ndivyo wengi husahau, halafu wanakanyaga misumari ya mabati gizani.