Kufundishana Kemia Mtandaoni Bila Malipo: Hatua kwa Hatua

Mwanafunzi wa sekondari akikwama kwenye kemia, swali analolileta mara nyingi silo linalomkwamisha. Anauliza hesabu za titresheni (kupima ukolezi wa asidi au besi kwa kuzimua moja kwa nyingine), kumbe hajui kuandika fomula ya kalsiamu haidroksaidi. Analalamika kwamba jibu lake la moli (kipimo cha kiasi cha dutu) halifanani na la kitabu, kumbe hajaelewa kazi ya namba inayoandikwa mbele ya fomula. Kosa liko mada mbili au tatu nyuma, na akijibiwa swali lake kama alivyolileta, ataondoka na jibu huku shida yake ikiwa palepale.

Hapo ndipo wanafunzi wanapoweza kusaidiana sana. Aliyesoma mada hii mwaka uliopita bado anakumbuka ni mstari gani ulimchanganya, na mwenzake haoni aibu kumwambia, "Hata hii ndogo siijui." Nimekuwa nikiendesha vikao vya aina hii mtandaoni, na hapa naeleza jinsi ya kuvianzisha. Gharama yake ni bando, karatasi, kalamu na simu yenye kamera.

Hatua ya 1: Chagua mada chache

Usitangaze kwamba mnafundisha kemia yote. Anzeni na mada tatu zinazoshika nyingine: kuandika fomula, kusawazisha milinganyo, na moli. Asiyejua hizo atateseka kwenye asidi na besi, kwenye elektrolisisi, na kwenye kasi ya mmenyuko. Kemia ya kaboni inaweza kusubiri.

Kila anayefundisha aseme wazi mada anazoziweza. Akiulizwa nje ya hapo, ampeleke muulizaji kwa mwenzake au kwa mwalimu wa somo. Jibu la kubahatisha hubaki kichwani mwa mwanafunzi hadi siku ya mtihani.

Hatua ya 2: Wekeni kanuni kabla ya mtu wa kwanza kujiunga

Wengi wenu ni watoto kisheria, kwa hiyo hili si jambo la kulipitia juujuu. Mwombeni mwalimu au mzazi mmoja awe ndani ya kundi. Mazungumzo yote yafanyike kundini, pasiwe na kufundishana kwa siri kati ya watu wawili. Asiulizwe mtu anapoishi, wala asilazimishwe kuwasha kamera ya uso. Namba za simu zisigawiwe nje ya kundi.

Kanuni ya pili ni ya uaminifu. Swali la mtihani unaoendelea, au la kazi ya kupewa alama ambayo haijakusanywa, halijibiwi. Mnaweza kutunga swali linalofanana nalo, mkalifanya pamoja, kisha mwenye kazi akarudi kuifanya mwenyewe.

Ya tatu: hakuna majaribio ya nyumbani. Mtu akisoma kuhusu klorini huja na hamu ya kuona kwa macho. Mwambieni bila kuzungukazunguka kwamba dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini ikichanganywa na asidi hutoa gesi ya klorini, na ikichanganywa na amonia hutoa gesi nyingine zenye sumu. Hamu hiyo ni nzuri, na ina mahali pake: tovuti ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ina majaribio ya kuigiza kwenye skrini, ya bure, yakiwemo ya kusawazisha milinganyo, ya kujenga atomu na ya kipimo cha pH.

Hatua ya 3: Vifaa

Kundi la WhatsApp au Telegram linatosha kwa kazi za kila siku. Kwa kikao cha moja kwa moja tumieni Google Meet au Zoom. Zoom ya bure hukata kikao baada ya dakika 40, na kwa kweli muda huo unatosha, kwa sababu akili ikishachoka hesabu za moli haziingii tena. Mwenye bando dogo asiachwe nje: picha ya daftari pamoja na ujumbe mfupi wa sauti hula data kidogo kuliko video.

Msisitizo wangu uko kwenye daftari. Kemia iandikwe kwa mkono, ipigwe picha, ndipo itumwe. Kibodi ya simu hubadilisha herufi kubwa na ndogo yenyewe, na katika kemia herufi hizo ndizo zinazobeba maana: CO ni kaboni monoksaidi, Co ni kobalti. Namba ndogo za chini nazo hupotea, mwanafunzi akaanza kusoma H2 na 2H kama kitu kimoja. Akiandika kwa kalamu, unaona hata alipofuta.

Hatua ya 4: Pima kabla ya kufundisha

Mtu akijiunga, mpe maswali mafupi yanayopanda ngazi. Mfano:

Andika fomula ya aluminiamu oksaidi.
Tafuta masi ya moli moja ya Ca(OH)2.
Sawazisha mlinganyo wa haidrojeni na oksijeni kutoa maji.
Gramu 4.8 za magnesiamu zikiungua zote katika oksijeni, zitatoa gramu ngapi za magnesiamu oksaidi?

Usisahihishe kwa alama ya vema na kosa tu. Soma jibu lisilo sahihi, kwa maana lina habari ndani yake. Masi za atomu ni 40 kwa kalsiamu, 16 kwa oksijeni na 1 kwa haidrojeni. Aliyepata 58 kwenye swali la pili amefanya 40 + 16 + 2: ameona namba 2 ikigusa haidrojeni peke yake. Jibu ni 40 + 2(16 + 1), yaani 74. Huyo hana shida ya hesabu, ila hajajua kazi ya mabano, na akielekezwa hilo tu anaendelea.

Hatua ya 5: Kikao chenyewe

Mwache aanze kuongea yeye. Muulize, "Umefikaje hapa?" kisha nyamaza. Ukimya mtandaoni unatisha, utahisi intaneti imekatika, lakini mvumilie. Mfundishaji anayekimbilia kuandika suluhisho lote hufanya kikao kipendeze, na mwanafunzi akibaki peke yake hawezi kulirudia.

Tuchukue swali la magnesiamu. Mlinganyo uliosawazishwa ni 2Mg + O2 → 2MgO, na masi za atomu ni 24 kwa magnesiamu na 16 kwa oksijeni. Mwanafunzi anakuletea jibu la gramu 4.0. Ukimsikiliza, unagundua alizidisha 24 kwa 2 kwa sababu ya namba ya mbele, akagawa 4.8 kwa 48, akapata moli 0.1, akazidisha kwa 40, yaani masi ya moli moja ya MgO (24 + 16).

Usimwambie amekosea wapi. Mpe swali moja: "Magnesiamu iliyoingia ilikuwa gramu ngapi, na imebeba nini zaidi ilipoungua?" Ataona mwenyewe kwamba oksaidi haiwezi kuwa nyepesi kuliko magnesiamu iliyomo ndani yake. Akishashtuka hivyo, anataka kujua, na maelezo yako yanapata pa kuingia.

Sasa mrudishe kwenye maana. Namba ya mbele inaeleza uwiano wa moli: kila moli 2 za magnesiamu hutoa moli 2 za oksaidi. Haibadilishi masi ya moli moja ya kitu chochote. Kwa hiyo 4.8 ÷ 24 = moli 0.2 za magnesiamu. Uwiano ni 2 kwa 2, hivyo moli 0.2 za oksaidi. Kisha 0.2 × 40 = gramu 8.0.

Mfundishe pia kujihakiki. Oksijeni iliyotumika ni nusu ya moli za magnesiamu, yaani moli 0.1 za O2, na 0.1 × 32 ni gramu 3.2. Jumlisha 4.8 na 3.2: gramu 8.0. Masi iliyoingia ndiyo iliyotoka. Mwanafunzi mwenye mazoea ya kufanya hesabu hii ya mwisho hukamata makosa yake mwenyewe ndani ya chumba cha mtihani, ambako wewe hupo.

Baada ya hapo mpe swali la aina ileile lenye uwiano usio sawa, mathalani 4Al + 3O2 → 2Al2O3. Uwiano wa 2 kwa 2 unaweza kumpa jibu sahihi hata kama hajaelewa, kwa sababu moli za pande zote zinalingana. Ule wa 4 kwa 2 humlazimisha aoneshe kwamba anajua. Akiweza, mwambie amweleze mwenzake aliyekuwa akisikiliza. Msikilize anapotumia maneno yake mwenyewe, na anapokariri yako tu.

Hatua ya 6: Kati ya kikao na kikao

Wekeni faili moja la pamoja la makosa, bila majina ya waliokosea: mabano kusahaulika, namba ya mbele kuingizwa kwenye masi, kusawazisha kwa kubadilisha namba ndogo za chini hadi maji yakawa H2O2, yaani haidrojeni peroksaidi. Hilo la mwisho hujirudia kuliko yote, nami husisitiza kila mara: ukigusa namba ya chini, umebadilisha dutu yenyewe.

Kila kikao kianze na swali la wiki iliyopita lililobadilishwa namba, lifanywe bila kufungua daftari. Wanaohitaji kusoma zaidi waelekezeni kwenye kitabu cha kemia cha OpenStax au masomo ya Khan Academy, vyote vya bure, ingawa vingi viko kwa Kiingereza na mtahitaji kuelezana.

Mfundishaji mmoja asibebe kundi zima. Mtu akiweza mada moja vizuri, mpe maswali ya mada hiyo ayapokee yeye, nawe ukae kando ukisoma majibu yake kwa wiki chache za kwanza kabla ya kumwachia.