Usipige simiti ukuta wa matumbawe

Nyumba nyingi za kale za Kibokoni na Ndia Kuu, mitaa ya Mji wa Kale wa Mombasa, zina kuta nene za matumbawe na chokaa. Plasta ikibambuka, mwenye nyumba hukimbilia simiti. Mimi nikiitwa, simiti ndiyo ninayoanza kuitoa. Jiwe la matumbawe lina vitundu. Hunyonya unyevu na kuutoa. Ukiliziba kwa simiti, maji hukwama ndani, chumvi husukuma plasta, na vichwa vya boriti vilivyochomekwa ukutani huoza. Dari ikiinama, lawama zote kwa mchwa.

Kama nyumba imo katika eneo la hifadhi, pata kwanza idhini ya watu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kisha tafuta maji yanakotoka: mlizamu uliotoboka, bomba la choo, au ua uliopanda juu kuliko sakafu. Hilo lisipotengenezwa, kazi yote ni bure.

Bandua simiti kwa tindo na nyundo ndogo, polepole, maana jiwe lenyewe ni laini. Uache ukuta ukauke wiki kadhaa.

Sasa chokaa, na hapa usiwe na pupa. Chokaa iliyotoka tanuuni huzimwa majini: tia chokaa kidogo kidogo kwenye pipa la maji, wala usimwage maji juu ya chokaa, itakurukia ikichemka. Vaa miwani na glavu. Iache chini ya maji wiki nyingi, miezi ikiwezekana, mpaka iwe laini kama siagi. Chekecha, changanya sehemu moja kwa tatu za mchanga wa mtoni. Mchanga wa pwani una chumvi. Fundi anayekuletea huo mrudishe nao.

Lowesha ukuta, piga tabaka la sentimita moja hivi, ngoja likaze siku kadhaa, ndipo upige la pili. Funika kwa magunia mabichi, kwa sababu chokaa hukomaa taratibu kwa hewa, na jua la kaskazi huipasua. Napenda kazi hii wakati wa kusi, mvua kubwa ikishapita.

Msidhani huu ni ukaidi wa wazee wa Mombasa. Uingereza, nyumba nyingi za kale za vijijini ni fremu za mwaloni zilizojazwa fito na kukandikwa udongo, juu yake chokaa. Zilizopigwa simiti baadaye, mbao zimeozea nyuma yake, na mafundi wa huko nao wanabandua.

Mwisho paka chokaa nyepesi, mikono mitatu au minne. Rangi ya plastiki muuza duka ataisifu sana, mwachie.