Viza ya Schengen: namna ya kuiomba na kuitumia kwa msafiri wa Afrika Mashariki

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo anayekwenda Ulaya kutembea, kumwona ndugu au kuhudhuria mkutano anahitaji viza ya Schengen, na anatakiwa awe nayo mkononi kabla ya kupanda ndege. Viza hiyo moja humruhusu kuzunguka katika nchi 29 za Ulaya zinazounda eneo la Schengen, zikiwamo Romania na Bulgaria zilizokamilisha kujiunga 1 Januari 2025. Uswisi, Norwe na Iceland zimo ingawa si wanachama wa Umoja wa Ulaya. Ireland haimo ingawa ni mwanachama. Na Uingereza haimo kabisa, hivyo anayetaka kupitia London kumsalimu shangazi ataomba viza nyingine kwa utaratibu mwingine.

Maelezo haya yanahusu viza ya muda mfupi, ile inayoandikwa herufi C. Masomo ya muda mrefu, ajira na kuhamia kwa mwenza vina viza zake za kitaifa, na atakayejaribu kuvipitisha kwa mlango wa viza ya matembezi atakwama mapema. Msafiri anayebadilisha ndege tu bila kutoka nje ya uwanja kwa kawaida hahitaji viza, lakini raia wa Kongo, Somalia na Ethiopia wamo katika orodha ya mataifa yanayolazimika kuwa na viza ya kupita uwanjani, na baadhi ya nchi zina orodha zao za ziada. Aulize kabla ya kulipia tiketi.

Jambo la kwanza ni kujua ubalozi wa kupeleka maombi. Kanuni inasema maombi hupelekwa kwa nchi ambayo ndiyo kusudi kuu la safari au ambayo msafiri atakaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, hupelekwa kwa nchi atakayoingia kwanza. Anayekaa siku tisa Italia na siku tatu Ufaransa anaomba Italia, hata kama ndege yake inatua Paris. Ushauri unaozunguka mitaani kwamba uombe kwenye ubalozi fulani kwa sababu ni rahisi, kisha uende unakotaka, ni ushauri mbaya, kwa kuwa afisa anasoma ratiba pamoja na buking za hoteli, na afisa wa mpakani naye anaweza kuuliza kwa nini mwenye viza ya nchi moja anakwenda kukaa nchi nyingine. Vilevile, maombi hufanywa mahali mtu anapoishi kihalali: Mtanzania mwenye kibali cha ukaazi Oman anaomba Muscat, si lazima arudi Dar es Salaam.

Maombi yanaweza kuwasilishwa mapema hadi miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla yake. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini sheria inaruhusu muda huo kuongezwa hadi siku 45 faili likihitaji uchunguzi zaidi. Kinachowaponza wengi ni nafasi ya miadi kuliko siku hizo zenyewe, maana kuelekea likizo za Juni hadi Agosti na Desemba nafasi hujaa wiki nyingi mbele. Anayesafiri Julai na aanze kutafuta miadi Machi.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi chini ya 12, tangu 11 Juni 2024. Mtoto wa chini ya miaka 6 halipi. Kampuni inayopokea mafaili kwa niaba ya ubalozi hutoza ada yake ya huduma, ambayo kwa kawaida haizidi nusu ya ada ya viza. Ada hairudishwi viza ikikataliwa. Kampuni hiyo inapokea karatasi na kuchukua alama za vidole tu. Haiamui lolote, kwa hiyo kishoka anayejinadi kwamba ana mtu wake ndani anauza kitu ambacho huyo mtu hana. Alama za vidole zikishachukuliwa huweza kutumika tena kwa miezi 59.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, iwe na walau kurasa mbili tupu, na iendelee kutumika kwa miezi mitatu au zaidi baada ya tarehe ya kutoka Schengen. Bima ya safari lazima igharimie matibabu na kurejeshwa nyumbani kwa kiasi kisichopungua euro 30,000, na ifanye kazi katika nchi zote za Schengen kwa siku zote za safari. Wakala wa bima akiandika tarehe pungufu kwa siku moja, faili lina kasoro. Tiketi iwe buking tu; si busara kulipia tiketi isiyorudishiwa fedha kabla viza haijatoka, na balozi zenyewe haziitaki.

Sasa faili. Hapa ndipo viza inapopatikana au kukosekana, na afisa anayelisoma anatafuta majibu ya maswali mawili: nani anagharimia safari, na nini kitamrudisha mwombaji nyumbani.

Taarifa ya benki ndiyo inayosomwa kwa makini kuliko karatasi zote. Afisa hatazami salio la mwisho peke yake. Anashuka mstari kwa mstari. Anaona mshahara unaingia kila tarehe 25 au 26, kodi ya nyumba inatoka, karo ya Januari inatoka, fedha kidogo zinahamishiwa kwenye simu kila wiki, salio likicheza kati ya laki nne na milioni moja na nusu. Kisha, siku nne kabla ya miadi, zinaingia milioni kumi na mbili kwa mkupuo mmoja, bila maelezo. Kwa afisa, fedha hizo ni za kuazima zitakazorudi kwa mwenyewe mara faili litakapopokelewa. Ikiwa ni za halali, ziambatanishiwe ushahidi: mkataba wa mauzo ya kiwanja, barua ya VICOBA ikionyesha mgao, au hati ya mkopo wa SACCOS. Salio la wastani lenye historia inayoeleweka lina nguvu kuliko salio nono lililozuka juzi. Kila nchi ina kiwango chake cha fedha za kujikimu. Ufaransa, kwa mfano, imeweka euro 65 kwa siku kwa mwenye uthibitisho wa hoteli na euro 120 kwa asiye nao.

Anayegharimiwa na mwenyeji asilete barua ya kirafiki peke yake pale ambapo nchi ina utaratibu rasmi. Ujerumani ina hati ya ahadi ya kugharimia, ambayo mwenyeji huisaini mbele ya ofisi ya wageni ya mji anaoishi. Ufaransa ina cheti cha kumpokea mgeni kinachotolewa na ofisi ya meya. Hati hizo huchukua muda, na nakala halisi inabidi isafirishwe kuja kwa mwombaji, kwa hiyo mjomba wa Hamburg aambiwe mapema.

Kuhusu kurudi, mwajiriwa alete barua ya mwajiri inayotaja cheo, mshahara, siku za likizo na tarehe ya kurejea kazini, pamoja na hati za mshahara za miezi mitatu zinazolingana na taarifa ya benki. Mfanyabiashara alete leseni, cheti cha usajili na uthibitisho wa kulipa kodi. Wengi hujaza faili kwa hati za viwanja na nyumba, nami naona hazina uzito wanaodhani, kwa sababu kiwanja hakimdai mwenyewe arudi tarehe fulani. Kazi, biashara inayotaka usimamizi, na watoto walio shuleni vinamdai. Cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vinasaidia zaidi. Hati iliyoandikwa kwa Kiswahili pekee, kama barua ya serikali ya mtaa, iende na tafsiri. Mtoto anayesafiri bila mzazi mmoja anahitaji ridhaa ya maandishi ya mzazi huyo.

Juu ya yote iwekwe barua ya maelezo ya ukurasa mmoja, inayosema safari ni ya nini, ya tarehe zipi, nani analipa, na karatasi ipi inathibitisha kipi. Tarehe katika barua hiyo, fomu, bima, buking na likizo ya mwajiri ziwe zilezile. Tofauti ya siku mbili kati ya barua na hoteli huonekana ndogo kwa mwombaji, lakini kwa msomaji asiyemfahamu inatosha kutilia shaka faili zima.

Pasipoti ikirudi na stika ndani, isomwe palepale kaunta. Tarehe za kuanzia na kuishia ni kipindi ambacho viza inaweza kutumika. Idadi ya siku za kukaa imeandikwa mahali pengine, na ndiyo inayotawala. Chukua stika inayoanza 5 Juni na kuishia 4 Julai, lakini sehemu ya siku za kukaa ikaandikwa 15. Mwenye stika hiyo anaruhusiwa siku 15 tu ndani ya kipindi hicho. Siku nyingine ni nafasi ya ahueni, endapo ndege itaahirishwa au safari itasogea. Watu waliokaa hadi tarehe ya mwisho wakiamini wamo ndani ya sheria wamejikuta wamepitiliza. Angalia pia idadi ya kuingia: ikiwa ni 1, ukitoka kwenda London viza imekwisha kazi, ikiwa imeandikwa MULT, unaweza kutoka na kurudi.

Mwenye MULT ya muda mrefu anabanwa na kanuni ya siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa. Hesabu hurudi nyuma: kila siku unayokuwapo, unatazama siku 180 zinazoishia siku hiyo na kujumlisha ulizokaa. Aliyeingia 10 Januari 2026 na kutoka 10 Machi ametumia siku 60. Akirejea 20 Mei amebakiwa na siku 30, hivyo mwisho wake ni 18 Juni. Lakini akisubiri hadi 9 Julai, siku za zamani zinaanza kudondoka moja baada ya nyingine kadiri anavyokaa, na anapata siku 90 kamili, mradi viza yenyewe bado ni hai. Tangu 12 Oktoba 2025 Ulaya imeanza kutumia mfumo wa kielektroniki unaosajili uso wa msafiri pamoja na tarehe zake za kuingia na kutoka, kwa hiyo muhuri uliofifia hauwezi tena kumwokoa mtu.

Viza haimlazimishi afisa wa mpakani kumruhusu mtu aingie. Anaweza kuuliza unakwenda wapi, utalala wapi, una fedha kiasi gani na unarudi lini, kwa hiyo nakala za bima, hoteli, mwaliko na tiketi ya kurudi zikae kwenye begi la mkononi, si kwenye sanduku lililopita chini. Mwenye fedha taslimu za euro 10,000 au zaidi azitangaze forodhani. Nyama na maziwa vya nyumbani haviingii, ikiwa ni pamoja na samli ya bibi. Nanasi, ndizi, nazi na tende huingia bila cheti cha afya ya mimea, ilhali embe halina msamaha huo.

Viza ikikataliwa, mwombaji hupewa fomu yenye sababu zilizowekewa alama, na ana haki ya kukata rufaa kwa sheria za nchi iliyomkatalia. Ufaransa inatoa siku 30; Ujerumani iliondoa utaratibu wa kuomba ubalozi ufikirie upya kuanzia 1 Julai 2025, na kilichobaki ni mahakama au maombi mapya. Kwa maombi mengi ya matembezi, kuomba upya ndiyo njia ya haraka, kwa sharti kwamba faili la pili linajibu sababu iliyowekewa alama kwenye fomu: ikiwa shaka ni chanzo cha fedha, leta ushahidi wa chanzo, ikiwa shaka ni nia ya kurudi, leta barua ya mwajiri iliyo bora, wala usiongeze taarifa nyingine ya benki. Balozi zote za Schengen huliona katazo la awali kwenye mfumo wao wa pamoja, kwa hiyo kuhamia ubalozi mwingine na faili lilelile hakufichi chochote, na barua ya maelezo ya safari hii ilitaje katazo hilo katika aya yake ya kwanza na kuonyesha kilichobadilika.