Mtoto anapanda darasa la tano: hesabu za kufanya nyumbani likizo ya kiangazi

Mwongozo huu ni wa mzazi anayeongea Kiswahili na kulea mtoto hapa Marekani, awe ametoka Kigoma, Uvira, Bujumbura au Mombasa. Mtoto amemaliza darasa la nne na anasubiri kuingia la tano. Shule nyingi hufungwa kati ya mwisho wa Mei na katikati ya Juni. Za kusini hufunguliwa mapema Agosti, nyingi za kaskazini mashariki husubiri hadi Septemba. Kwa hiyo una kama wiki kumi.

Nafundisha hesabu watoto wa jamii yetu baada ya saa za shule, na kila likizo ikikaribia wazazi huniuliza kama wanunue kitabu cha darasa la tano. Jibu langu ni hapana. Mambo ya darasa la tano atayafundisha mwalimu wa darasa la tano. Kinachowaangusha watoto huko ni mambo mawili ya nyuma: jedwali la kuzidisha ambalo halijakaa kichwani, na sehemu (namba kama 1/2 au 3/4) walizozikariri bila kuzielewa. Likizo nzima iende huko. Ukitaka kitabu cha mazoezi, chukua cha darasa la nne.

Kuhusu muda: dakika 25 kwa siku, siku nne kwa wiki, asubuhi kabla ya televisheni. Ukiwa unafanya zamu ya usiku, kaka au dada yake mkubwa anaweza kumsimamia, lakini daftari lisahihishe mwenyewe, hata kama ni Jumapili. Tafuta daftari la miraba (tarakimu zinakaa kwenye mstari wake, na makosa mengi ya kugawanya yanaisha hapo hapo), penseli, mkasi, rula yenye inchi, na vile vikombe vya kupimia vya jikoni. Kikokotoo kifungie kabatini.

Hatua ya 1: Mpime kwanza

Mpe karatasi yenye maswali haya, umwache peke yake kama nusu saa. Usimsaidie, na usimtolee macho.

7 × 8
9 × 6
47 × 36
1,538 ÷ 6
5/8 + 6/8
Ipi kubwa, 2/3 au 3/5?
Ipi kubwa, 0.4 au 0.35?
Watoto 130 wanakwenda matembezi. Gari moja linabeba watoto 8. Yanahitajika magari mangapi?

Majibu ni 56, 54, 1,692, 256 baki 2, kisha 11/8 yaani 1 na 3/8, 2/3, 0.4, na magari 17.

Usihesabu alama tu, angalia alivyofanya. Aliyepata 56 baada ya kuhesabu vidole kwa dakika nzima hajui 7 × 8 bado. Aliyeandika 0.35 anaona 35 ni kubwa kuliko 4, basi. Na aliyeandika "16 baki 2" kwenye swali la magari anajua kugawanya vizuri, ila hakujiuliza wale watoto wawili waliobaki watapanda nini. Karatasi hii itunze, wiki ya mwisho utampa tena maswali yale yale.

Hatua ya 2: Jedwali la kuzidisha, yale 15 magumu

Majimbo mengi hufuata viwango vya masomo vya mwaka 2010 viitwavyo Common Core, vinavyosema mtoto ajue nini kila darasa, au viwango vyao vinavyofanana navyo. Kwa viwango hivyo, mtoto alitakiwa kujua kwa kichwa majibu yote ya kuzidisha tarakimu moja kwa tarakimu moja tangu mwisho wa darasa la tatu. Wengi hawajui, na mwalimu wa darasa la tano hana muda wa kurudi huko.

Usimkalishe akariri jedwali zima kuanzia mbili mara moja. Ondoa yaliyo rahisi. Ya 2 ni kujumlisha namba na yenyewe. Ya 5 karibu wote wanayajua. Ya 9 yana njia yake: zidisha kwa 10 kisha toa namba yenyewe, hivyo 9 × 7 ni 70 kutoa 7, yaani 63. Na kwa kuwa 6 × 8 ni sawa na 8 × 6, huna haja ya kujifunza mara mbili. Yanabaki haya tu:

3×3, 3×4, 3×6, 3×7, 3×8
4×4, 4×6, 4×7, 4×8
6×6, 6×7, 6×8
7×7, 7×8
8×8

Yaandike kwenye kadi, swali mbele na jibu nyuma. Matatu mapya kwa siku, yakichanganywa na ya zamani. Akijibu papo hapo, kadi inakwenda kwenye rundo la zilizoiva. Akisita, inarudi chini ya rundo la leo. Ajibu kwa Kiswahili, Kiingereza au Kifaransa, yoyote inayomjia haraka. Baada ya wiki moja geuza swali: badala ya 7 × 8, muulize 56 ukigawa kwa 7 unapata ngapi. Hapa wengi hukwama hata kama kuzidisha wanakujua, nami naona ndiyo maana sehemu huwa ngumu kwao baadaye.

Hatua ya 3: Usigombane na njia ya shule

Ugomvi wa mezani huanzia hapa. Mzazi anazidisha kwa kusimamisha namba alivyofundishwa, mtoto anachora sanduku, kila mmoja anamwona mwenzake amepotea. Wote wako sawa. Chukua 47 × 36. Mtoto anaigawa 47 kuwa 40 na 7, na 36 kuwa 30 na 6, kisha anajaza vyumba vinne:

40 × 30 = 1,200
40 × 6 = 240
7 × 30 = 210
7 × 6 = 42

Jumla 1,692. Wewe unaanza na 47 × 6 unapata 282, halafu 47 × 30 unapata 1,410, jumla 1,692. Mwonyeshe kuwa 282 yako ni 240 na 42 zake, na 1,410 yako ni 1,200 na 210 zake. Watoto hulipenda hili, wanaona baba au mama si mtu wa kale kiasi hicho. Njia ya kusimamisha atatakiwa kuijua shuleni darasa la tano, kwa hiyo kumfundisha sasa hakuna ubaya, mradi sanduku analielewa. Kugawanya kwa njia ndefu kama tulivyozoea ni jambo la darasa la sita kwa viwango hivyo. Usishangae akigawanya namba kidogo kidogo, fungu baada ya fungu.

Kwa waliosoma kwa Kifaransa, Kongo au Burundi, kuna mambo mawili ya kuangalia. Kule mgawanyo huandikwa na kigawanyi upande wa kulia wa mstari. Hapa kinakaa kushoto, namba inayogawanywa inakaa chini ya paa, na jibu linaandikwa juu ya paa. La pili ni koma. Hapa 1,538 ni elfu moja mia tano thelathini na nane, na desimali inaandikwa kwa nukta. Ukimwandikia mtoto 3,5 ukimaanisha tatu na nusu, atasoma kitu kingine kabisa.

Hatua ya 4: Sehemu, na hapa usiwe na haraka

Tenga wiki nne nzima. Karibu kila jambo kubwa la darasa la tano linapita kwenye sehemu: kujumlisha zenye asili (namba ya chini) tofauti, kuzidisha sehemu kwa sehemu, kugawanya namba nzima kwa sehemu.

Watu hupenda kufundisha sehemu kwa kukata chapati au piza. Mimi siipendi sana, kwa sababu kukata duara vipande vitano vilivyo sawa ni kazi hata kwa mtu mzima, na mtoto anabaki akidhani sehemu ni chakula, si namba. Tumia utepe wa karatasi. Kata tepe saba, kila moja urefu wa inchi 6. Urefu huo una faida yake, rula inakugawia karibu kila kitu bila shida: nusu ni inchi 3, theluthi ni inchi 2, robo ni inchi 1 na nusu, moja ya sita ni inchi 1, moja ya nane ni 3/4 ya inchi, na moja ya kumi na mbili ni nusu inchi. Utepe mmoja uache mzima. Mtoto apime na kuchora mistari mwenyewe, kisha azipange tepe moja juu ya nyingine.

Siku za kwanza atafute sehemu zilizo sawa kwa macho. Nusu inalingana na 2/4, na 3/6, na 4/8, na 6/12. Ataona mistari inashukia mahali pamoja. Baada ya kuona hivyo ndipo mwambie kanuni: ukizidisha kiasi (namba ya juu) na asili (namba ya chini) kwa namba ile ile, sehemu haibadiliki. Akianza na kanuni kabla ya tepe, ataisahau Agosti haijafika.

Kisha kulinganisha. Mfundishe kwanza kutumia nusu kama kipimo: 5/12 ni ndogo kuliko nusu kwa sababu nusu ni 6/12, na 5/8 ni kubwa kuliko nusu kwa sababu nusu ni 4/8. Basi 5/8 inaishinda 5/12 bila hesabu yoyote. Nusu isipomsaidia, kama kwa 2/3 na 3/5, atafute asili moja: 10/15 na 9/15.

Kujumlisha na kutoa zenye asili sawa ni rahisi mpaka zikutane na namba mchanganyiko. Jaribu 3 na 1/4 kutoa 1 na 3/4. Robo moja haitoi robo tatu, kwa hiyo anakopa moja kutoka kwa tatu, na hiyo moja ni 4/4. Sasa ana 2 na 5/4, akitoa 1 na 3/4 anabaki na 1 na 2/4, yaani 1 na nusu. Watoto wengi hukopa kumi badala ya nne kwa mazoea ya namba nzima. Rudi kwenye utepe, muulize: utepe mzima una robo ngapi?

Mwisho wa hatua hii ni jikoni. Mpishi wa maandazi anatumia 3/4 ya kikombe cha sukari. Wageni wameongezeka, anapika mara mbili. 2 × 3/4 ni 6/4, yaani kikombe 1 na nusu. Mwache apime mwenyewe. Mara tatu je?

Hatua ya 5: Desimali kwa pesa

Hapa wiki moja inatosha. Anayesema 0.35 ni kubwa kuliko 0.4, mpe senti 35 na senti 40 mezani. Aandike 0.4 kama 0.40, na kama 4/10, na kama 40/100. Ukipita kituo cha mafuta mwonyeshe ubao wa bei: ile 9 ndogo mwishoni ni 9/10 ya senti, hivyo 3.29 na 9/10 ni dola 3.299. Hiyo tarakimu ya tatu baada ya nukta ndiyo atakayoikuta darasa la tano.

Hatua ya 6: Mafumbo

Fumbo moja, yaani hesabu ya maneno, kila siku, tangu wiki ya kwanza. Mtoto alisome kwa Kiingereza, afunike karatasi, akusimulie kwa Kiswahili bila kutaja namba hata moja. Akishindwa kusimulia, hajalielewa, na hesabu isianze.

Usimfundishe kuwinda maneno. "Amina ana dola 24, ana dola 9 zaidi ya Juma. Juma ana ngapi?" Aliyefundishwa kuwa zaidi ni kujumlisha atasema 33, na jibu ni 15.

Vipimo vya hapa pia vinaingia kwenye mafumbo, na sisi tulikua na kilo na lita. Jifunzeni pamoja: futi ina inchi 12, yadi ina futi 3, pauni ina aunsi 16, galoni ina kwati 4.

Hatua ya 7: Wiki ya mwisho

Mrudishie yale maswali ya mwanzo, kisha weka karatasi zote mbili kwenye bahasha ya kumpelekea mwalimu mpya. Ukihitaji mkalimani wa kuongea na mwalimu, omba shule ikupatie. Mtoto asikutafsirie habari zinazomhusu yeye mwenyewe.

Sasa unaweza kumwonjesha darasa la tano. Muulize 1/2 + 1/3. Wengi hujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, wanapata 2/5. Usiseme amekosa. Muulize kama 2/5 inafika nusu. Haifiki, kwa sababu nusu ya tano ni mbili na nusu. Tulianza na nusu, tukaongeza kitu, tumepataje pungufu ya nusu? Mwache atoe tepe zake, aweke nusu na theluthi kwa kufuatana, atafute utepe ambao mistari yake inazipima zote mbili. Ule wenye vipande sita unatosha: 3/6 na 2/6, jumla 5/6. Akiukosa, mpe siku nyingine ajaribu tena na tepe zile zile, kanuni ya kutafuta asili moja utamwambia baadaye.