Tai chi: anza na miguu, mikono itafuata

Anayeanza tai chi, mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, huvutiwa na mikono, kwa kuwa ndiyo inayopendeza macho. Wanaokuja kujifunza kwangu huwaambia waisahau kwanza. Kazi yote iko miguuni: kuhamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule bila kuyumba. Hapo ndipo faida kubwa ilipo, hasa kwa wazee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la New England Journal of Medicine ulionyesha kuwa wagonjwa wa Parkinson (maradhi ya ubongo yanayoleta kutetemeka na kukaza mwili) waliofanya tai chi mara mbili kwa wiki, kwa wiki 24, walianguka mara chache kuliko wenzao waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo.

Vaa nguo pana na viatu bapa vyenye soli nyembamba.

Hatua ya 1: Kusimama
Tanua miguu usawa wa mabega, vidole vitazame mbele. Legeza magoti, shusha mabega, kichwa kiwe wima. Pumua kwa pua, tumbo lijae na kupungua. Kaa hivyo dakika mbili. Mapaja yakiwaka moto, inuka kidogo.

Hatua ya 2: Kuhamisha uzito
Peleka mwili wote juu ya mguu wa kushoto, polepole, mpaka wa kulia ubaki mtupu. Jipime: je, unaweza kuunyanyua bila kuinama upande? Kama huwezi, bado uzito haujahama. Rudia upande wa pili.

Hatua ya 3: Kutembea
Hapa usiwe na haraka. Wiki nzima si nyingi. Uzito ukiwa kushoto, nyanyua mguu wa kulia, uupeleke mbele na kando kidogo, utue kisigino peke yake. Uzito ungali nyuma, kwa hiyo unapaswa kuweza kuurudisha mguu huo wakati wowote. Ukishindwa, hatua yako ni ndefu mno. Sasa laza unyayo, kisha sogeza mwili mbele taratibu. Goti lisipite ncha ya vidole, na lielekee kule vinakoelekea. Likilala kwa ndani, litauma. Nyayo zisikae kwenye mstari mmoja, utapepesuka. Kichwa nacho kibaki kimo kilekile mwendo wote.

Asiye na uhakika wa miguu atembee kando ya ukuta. Aliyefanyiwa upasuaji wa goti au nyonga amuulize daktari wake kwanza.

Hatua ya 4: Mikono
Rudi kwenye kusimama. Inua mikono mbele hadi usawa wa mabega, viwiko vikiwa vizito, yaani vimelegea kuelekea chini, kisha ishushe huku ukikunja magoti. Huo ndio mwanzo wa mfululizo wa mikao 24 uliotungwa China mwaka 1956 kutokana na mtindo wa Yang, mmoja wa mitindo mikuu ya tai chi, na ukiukamilisha huchukua kama dakika tano au sita. Mkao unaofuata, Kugawa Manyoya ya Farasi Mwitu, unatumia hatua ileile uliyokwisha kuizoea.

Fanya dakika kumi na tano kila siku. Zinajenga kuliko saa nzima ya Jumamosi. Na usiongeze mkao mpya kabla ule wa jana haujatulia miguuni.