Somo: Jinsi ya kujaribu malipo ya STK push kabla hujamkabidhi mteja mfumo

Wakuu, "mteja amelipa ila oda haionekani" na "oda imepita ila hela haijaingia" ni maswali yanayorudi humu kila wiki. Nayajibu hapa mara moja. STK push ni ombi la malipo ya M-Pesa linalotokea kwenye simu ya mteja ili aweke PIN. Ninazungumzia Daraja ya Safaricom, Kenya, yaani mfumo wao wa kuunganisha programu yako na M-Pesa.

1. Fungua akaunti Daraja, tengeneza app ya majaribio. Shortcode (namba ya biashara) ya majaribio ni 174379.

2. Omba tokeni (kibali cha muda cha kutuma maombi). Inaisha baada ya sekunde 3599, kwa hiyo uache mfumo zaidi ya saa nzima, kisha ulipe tena uone kama unaomba tokeni mpya.

3. Jaribu namba za 07, 01, +254 na zenye nafasi katikati. Zote zitoke zikianza na 2547 au 2541.

4. Password ni shortcode, passkey (ufunguo wa siri unaopewa na Daraja) na Timestamp (tarehe na saa ya ombi) vikiunganishwa, halafu vikageuzwa kwa base64. Soma saa mara moja tu, thamani hiyo hiyo iende ndani ya Password na kwenye Timestamp ya ombi. Ukiisoma mara mbili, sekunde inaweza kugeuka katikati, ombi likakataliwa mara moja moja tu, na kosa la namna hiyo ni gumu kulinasa.

5. Hapa ndipo hela za watu zinapopotea, soma taratibu. Ukituma ombi unarudishiwa ResponseCode 0. Hayo SIYO malipo! Ombi limepokelewa tu, mteja hata PIN hajaweka. Kinachothibitisha malipo ni ResultCode 0 kwenye taarifa inayokuja baadaye kupitia CallBackURL (anwani ya seva yako uliyoitaja kwenye ombi). Shika simu mkononi, lipa shilingi 1, kisha kosea kwa makusudi, ResultCode ya kila kosa iko kwenye mabano: kataa ombi (1032), kosea PIN (2001), weka kiasi kinachozidi salio (1), zima simu (1037). Onyo: malipo yakishindikana, taarifa inakuja bila CallbackMetadata (sehemu yenye maelezo ya malipo, pamoja na namba ya risiti). Programu inayokimbilia MpesaReceiptNumber moja kwa moja itaanguka hapo hapo, na oda itabaki "inasubiri" bila mwisho.

MASWALI

– Mkuu imegoma, nisaidie haraka.

Imegoma wapi? Weka jibu zima ulilopata. Passkey ifiche kwanza.

– CallBackURL nimeweka localhost, taarifa haiji.

Localhost ni kompyuta yako mwenyewe, Safaricom wataifikiaje? Tumia ngrok (programu inayoipa kompyuta yako anwani inayofikika mtandaoni), na anwani ikibadilika ibadilishe kwenye ombi pia.

– Je, seva ikiwa imezima wakati taarifa inakuja?

Swali zuri sana, wengi hawalijaribu. Hifadhi CheckoutRequestID (namba ya utambulisho ya ombi) mara tu ombi likipokelewa. Oda ikikaa dakika mbili bila taarifa, mfumo uulize wenyewe kwa STK query (ombi la kuuliza hali ya malipo). Kulijaribu: tuma ombi, zima seva, weka PIN, washa seva, uone kama oda inajirekebisha. Ukimaliza hapo, itume taarifa ile ile mara mbili: salio la mteja liongezeke mara moja tu. Namba ya risiti isiruhusiwe kujirudia kwenye hifadhidata.

– Na mtu akituma taarifa ya uongo kwenye anwani yangu?

Akiijua anwani, anaweza. Linganisha CheckoutRequestID na kiasi na ulivyohifadhi, kisha thibitisha kwa query kabla ya kutoa mzigo. Taarifa ya uongo itunge mwenyewe uitume, iwe sehemu ya majaribio.

– Huku Bongo inafaa?

Vodacom Tanzania wana API yao (njia yao ya kuunganisha programu), namba za makosa ni nyingine. Jaribio la taarifa kuja mara mbili na la seva kuzima, yafanye vile vile.