Jina la mtoto lijaribu kwa mdomo kabla hujaliandika

Kifungua mimba wetu tulimpa jina Ryan, baba yake ni Ndung'u, na tukiandikiana kwa simu lilikua linapendeza sana. Siku ya kutoka hosi nikalitaja mara moja mbele ya dada aliyekua anajaza karatasi, naye akaandika alichosikia: Ryan Dung'u. Masikio yake hayakua na shida. Ile N ya Ryan ilikua imemeza N ya Ndung'u, na sisi wazazi hatukua tumewahi kuyasema yote mawili pamoja kwa sauti hata siku moja.

Kwa hivyo kama tumbo bado liko, anzeni sasa. Kwanza kubalianeni jina la mwisho ni lipi, maana watu wengi hapa kwetu hatuna jina moja la ukoo linaloshuka kutoka kwa babu mpaka kwa kitukuu. Baba akiitwa James Kamau Njoroge, mtoto anaweza kuishia kwa Kamau ama kwa Njoroge, na kwa Wakikuyu kijana wa kwanza hurithi jina la babu mzaa baba, kwa hivyo mara nyingi atakua Njoroge Kamau. Usihangaike wiki mbili kutafuta jina la kuingiana na Njoroge kumbe la mwisho litakua Kamau.

Halafu sikiliza pale majina yanakutana, hapo ndo mambo mengi huharibikia. Diana Achieng ukiliita haraka ni Dianachieng, Maria Akinyi vilevile, A mbili zinashikana. Sisemi usimwite hivyo, lakini jaribu Grace Achieng ama Mercy Akinyi usikie vile kila jina linasimama peke yake. N nayo ikifuatwa na Nj, Nd ama Ng ni shida ileile yetu, kama Ian Njoroge ama Martin Ngugi, lakini ukisema Elisha Njoroge ama Caleb Ngugi mdomo unapata mahali pa kupumua.

Urefu mimi napenda usilingane. Cheruiyot na Nasimiyu ni marefu, yape kitu kifupi, Abel Cheruiyot, Ruth Nasimiyu. Koech na Mutua yanabeba refu vizuri, Emmanuel Koech, Josephine Mutua.

Fikiria shosho pia, tena sana, maana yeye ndo atamwita huyo mtoto kwa mapenzi kuliko mtu mwingine yeyote. Kikuyu haina L, Kijaluo hakina sh, sasa ukimletea shosho wa Nyeri Lorelle ama dani wa Siaya Sharleen unampa kazi kila asubuhi, na kuna majina mengi mazuri ambayo yangemtoka mdomoni bila kung'ang'ana. Na usisahau maana kwa Kiswahili: Kihoro ni jina la heshima kwa Wakikuyu, lakini kwa Kiswahili kihoro ni huzuni kubwa, kwa hivyo Furaha Kihoro litaulizwa maswali mpaka uzeeni.

Ukibaki na mawili matatu, pigia mtu simu, mtu ambaye hajawahi kuyaona, mtajie kila moja mara moja tu kisha mwambie akutumie meseji vile amesikia. Wa pili wetu tulimpigia shangazi akiwa stej ya Githurai, matatu zinapiga honi, makanga wanaita watu, na meseji ikarudi "Neema Wairimu Ndungu", imekosa ile alama ya ng' peke yake.

Hiyo alama ndo utaiangalia mwisho. Kabla ya kutoka hosi omba ile karatasi ya kuzaliwa uisome herufi kwa herufi, ulinganishe na kitambulisho cha baba, maana cheti kitafuata hiyo karatasi. Kama umezalia nyumbani ni naibu chifu ataijaza, fanya hivyohivyo. Usajili ufanye ndani ya miezi 6, ukipita hapo unahesabiwa umechelewa na makaratasi yanaongezeka. Ya Neema niliisoma mara tatu nikiwa na mtoto begani, na Ndung'u ilikua na alama yake.